Humu Ndani Kuna Giza

Kanisani kwetu Kilburn, katika ukumbi wa kukodi ulionuka viatu vya watoto wa judo, Waisraeli walikuwa watu wa kuimbwa. Kila Jumapili tuliwavusha bahari, tukawazungusha Yeriko, tukashangilia ukuta ukianguka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna Mwisraeli mwenye magoti yanayouma, anayekula samaki wa siki asubuhi na kugombana na redio. Huyo nilikutana naye mwishoni mwa miaka ya tisini, ajensi ya watunza wazee iliponipeleka Golders Green kumtunza mjane mmoja aliyeanguka kwenye ngazi.

Mimi ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Nilikimbia vita, nikafika London, nikaomba hifadhi, nikapewa karatasi ya kuniruhusu kufanya kazi huku nikingoja jibu. Jibu lilichelewa miaka. Kwa hiyo kila ninachosimulia hapa kilitokea nikiwa nusu nimefika na nusu sijafika, na hali hiyo inachosha kuliko kuinua wazee.

Siku ya kwanza nilimwita Mama. Kwetu mwanamke aliyekuzidi umri ni Mama, hakuna mjadala. Alinitazama juu ya miwani.

"Mama wa nani? Mimi sijazaa."

Nikamweleza kwamba kwetu si lazima uzae. Akafikiri kidogo, kisha akasema sheria hiyo ni nzuri na ameikubali. Yeye aliniita "mpenzi", neno ambalo bibi wa London humwita hata dereva wa basi, kwa hiyo sikujipa umuhimu.

Jiko lake lilikuwa na kila kitu mara mbili. Sinki mbili, sufuria za aina mbili, vitambaa vya kufutia vya aina mbili: vyenye mstari mwekundu kwa ajili ya nyama, vyenye mstari wa buluu kwa ajili ya maziwa. Nyama na maziwa havikutani, si mezani, si sinkini, si tumboni. Alinieleza mara moja tu, haraka haraka, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba moto unachoma. Wiki ile ile nikampikia uji wa maziwa na kuukoroga kwa mwiko wa nyama.

Alipoingia na kuona, hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa, akaniomba nimletee simu. Akampigia rabi wake. Nilisimama pale na uji wangu nikisikia habari za mwiko zikijadiliwa kama kesi ya mauaji: ulikuwa moto au baridi, ulilala muda gani, mara ya mwisho uligusa nyama lini. Nilikasirika. Kwetu kijiko kikichafuka kinaoshwa, basi. Alipokata simu, akachukua mwiko na kuuchomeka kwenye udongo wa chungu cha maua dirishani.

"Rabi amesema hivyo?"

"Hapana. Rabi amesema niuweke kando, ataniambia kesho. Hivi ndivyo alivyofanya mama yangu."

Nikamwambia kwamba nimefika nchi ambayo watu huzika miko. Alicheka mpaka akashika ubavu, na tangu siku hiyo tukawa tunaelewana. Uji ule niliunywa mimi, nimesimama kwenye ngazi za nyuma, na ulikuwa mtamu.

Kitu kilichonichukua muda zaidi ni Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama nilipaswa kuwa nimemaliza kila kitu: kupika, kuoga kwake, sufuria juu ya bati kwenye moto mdogo. Akishawasha mishumaa, mkono wake haugusi tena swichi, wala simu, wala kalamu, wala mkoba nje ya nyumba, mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi jioni. Hilo nililielewa. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba hata mimi hakuruhusiwa kunituma.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa ya majira ya baridi, zile siku ambazo saa kumi jua limeshakwenda zake. Tulikuwa sebuleni. Akasema, "Humu ndani kuna giza."

"Ndiyo, Mama," nikajibu. "Nchi hii jua lake ni vivu."

Tukakaa. Baada ya muda akasema tena, "Giza kweli kweli."

"Kweli kabisa."

Tukaendelea kukaa, watu wazima wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, mpaka nikawa simwoni ila meno yake akipiga miayo. Nilidhani ni sehemu ya ibada. Sabato ilipokwisha akainuka, akawasha taa mwenyewe, akanitazama na kuangua kicheko.

Ndipo akanifafanulia. Hawezi kuniambia washa taa, maana amri ikitoka kwake, kazi ni yake. Lakini akisema kuna giza, na mimi nikaona giza hilo kwa macho yangu, nikawasha ili nisijikwae, basi taa ni yangu na yeye ni mgeni kwenye mwanga wangu. Rabi wake aliliruhusu hilo. Wengine hawaliruhusu, alisema, na yuko tayari kubishana nao.

"Kwa hiyo Mungu wenu anadanganyika kirahisi hivyo?" nikamchokoza.

"Hadanganyiki. Anaona kila kitu, hata miko." Akanyoosha kidole. "Siku sita watu wanaamrishana. Lete hiki, fanya kile. Siku moja hakuna anayemwamuru mwenziwe. Wewe umeajiriwa na mimi, lakini Sabato siwezi kukwambia hata nyanyua kikombe. Ungependa niondoe siku hiyo?"

Sikupenda aiondoe. Nikawa bingwa. Akisema ana mafua, naona heater haijawashwa. Akisema wapangaji wa juu wanapika vizuri, naona chakula chetu kimeungua. Nilirudi nyumbani Kilburn nikimdokeza hata dada niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, mtu wa Bukavu niliyemwita yaya kwa kuwa alinizidi umri. Nikisema, "Vyombo vimejaa," naye akijibu, "Minaona. Uvioshe," mambo yanaishia hapo.

Mama alisoma magazeti kila asubuhi na kuyajibu kwa sauti. Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa kuuliza habari inamtaka afanye nini. Wakisema chakula kinatupwa, anafungua friji yangu, maana aliihesabu ni yangu, na kuhoji karoti. Wakisema jirani wa mtaa fulani alikufa na hakuna aliyejua, ananituma na supu kwa mzee wa mlango wa pili ambaye hakumpenda hata kidogo. "Sheria haijasema nimpende," alisema. "Imesema nimtembelee. Leo umetembelea wewe, kesho nitatembelea mimi, tukae nusu saa tumchukie kwa heshima."

Miaka ile magazeti yalikuwa yakituandika sisi waomba hifadhi kwa herufi kubwa. Tulikuwa mafuriko, tulikuwa wadanganyifu, tulikuwa chanzo cha foleni hospitalini. Asubuhi moja alisoma kimoyomoyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaligeuza gazeti kifudifudi mezani.

"Na mimi walinisema hivi," akasema.

Ndipo nikajua kwamba alizaliwa Vienna, na kwamba alifika kituo cha Liverpool Street akiwa mtoto, na lebo shingoni, kwenye treni ya watoto peke yao, miezi michache kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Wazazi walibaki ili wafuate baadaye. Hawakufuata. Alinisimulia yote hayo huku akipaka siagi, na hakulia, mimi ndiye niliyelia, na akaniambia nisitie chumvi kwenye mkate wake, una chumvi tayari.

"Sheria yetu inarudia jambo moja kuliko mengine yote," alisema. "Si nyama na maziwa. Ni kwamba usimwonee mgeni, maana mlikuwa wageni Misri, mnaujua moyo wa mgeni. Inarudia na kurudia, mpaka unachoka. Unafikiri kwa nini inarudia?"

"Kwa sababu watu wanasahau."

"Kwa sababu watu hawataki," akasema.

Mwaka wa vita vya Iraki alinialika mezani kwa Pasaka yao, si kama mfanyakazi. Walikuwepo binamu wa marehemu mume wake na mkewe, watu wa adabu waliokaa wima. Kuna mahali katika ibada ile wanataja mapigo yaliyoipiga Misri, na kwa kila pigo kila mtu anachovya kidole kwenye divai na kudondosha tone sahanini. Nilimwuliza Mama kwa nini. Alisema kwa sababu Wamisri walikufa, na kikombe cha furaha hakiwezi kujaa kama watu wamekufa, hata wakiwa adui. Wiki zile televisheni ilikuwa ikionyesha Baghdad ikiwaka usiku, na watangazaji wakisimulia kama mpira. Yeye alikuwa ameizima muda mrefu. Hakusema vita ni vya haki au si vya haki. Alisema tu kwamba nyumbani kwake hakuna kupigia makofi moto.

Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili, nikapata ujasiri. Nikasema kwetu watu wamekufa wengi kuliko ninavyoweza kuelewa, na sijaona mtu London akipunguza hata tone. Binamu akatazama sahani. Mama akaniuliza mji wangu unaitwaje tena. Nikamwambia. Akasema, "Uvira," taratibu, akachovya kidole, akadondosha.

"Hiyo haimo kitabuni," binamu akasema kwa upole.

"Humu nyumbani sasa imo," akajibu.

Nilimpenda sana mwanamke yule. Naliandika wazi, maana wakati ule sikumwambia.

Jibu langu likaja baada ya Pasaka ile, nalo lilikuwa hapana. Rufaa nayo ikawa hapana. Walisema Kongo ni kubwa, naweza kurudishwa Kinshasa nikaishi kwa amani. Kinshasa sijawahi kukanyaga. Kinshasa ya miaka ile, mtu akifungua mdomo kikatoka Kiswahili, walimjua ni wa mashariki, na waliokuwa wakisubiri uwanja wa ndege hawakuwa wakisubiri kumpokea mizigo. Mambo hayo niliyasema mbele ya jaji kupitia mkalimani, na jaji aliyaita ya kufikirika.

Nilikuwa na mwanasheria, mwanamke wa Kihindi aliyeishi Neasden karibu na lile hekalu kubwa la Wahindu. Wazazi wake walifukuzwa Uganda, na walikuwa wamemwachia Kiswahili cha jikoni. "Hapana ogopa," aliniambia, "mimi napigana." Alianza kuandaa ombi jipya. Wakati huo huo nikaamriwa kwenda kusaini kila wiki ofisi ya uhamiaji, karibu na London Bridge, ili wajue sijatoroka. Faili langu zima nililiweka kwa Mama, kwa kuwa chumba chetu Kilburn kilikuwa na unyevu uliokula hata viatu, na namba ya nyumbani ya mwanasheria Mama aliibandika ukutani jikoni, juu ya sinki la maziwa.

Siku yangu ya kusaini ilikuwa Ijumaa. Wiki moja ya majira ya baridi, yaya alinishika mkono mlangoni.

"Usiende kule peke yako. Batu banaenda kusaini, bengine habatoki tena. Si balishakamata ule mama wa Bukavu?"

"Nisipoenda batasema nilikimbia. Sasa nifanye je?"

"Omba Mungu. Na uvae triko mbili, kule kuko baridi."

Nikaomba, nikavaa sweta mbili. Nilimwahidi Mama kwamba saa sita nitakuwa kwake, maana Sabato ya majira ya baridi inaingia mapema na kuku hajajipika.

Mwanamke nyuma ya kioo alichukua karatasi yangu, akaitazama, akaniambia nikae pembeni. Hapo nilijua. Walikuja wawili, wakaniongoza kwenye mlango mwingine, kisha gari lenye madirisha ya giza, kisha jengo karibu na uwanja wa ndege ambako ndege zilipita juu kiasi cha kutikisa vikombe. Walinichukua alama za vidole, wakanipekua, wakanipa shuka na karatasi. Karatasi ilisema ndege ya Kinshasa, Jumapili asubuhi.

Kulikuwa na simu ya ukutani ya kutumia kadi. Niliporuhusiwa kuifikia, jua lilikuwa limeshazama. Nikapiga ofisi ya mwanasheria. Imefungwa hadi Jumatatu. Namba yake ya nyumbani sikuwa nayo kichwani, ilikuwa juu ya sinki la maziwa. Yaya alikuwa akisafisha hoteli na hakuwa na simu. Nilimwona Mama kichwani mwangu, kuku mbichi, mishumaa imewaka, amekaa. Nilishika simu, nikaiweka chini. Nilikuwa nimeishi na siku yake ile kwa miaka, na niliona haya kuivunja kwa mkono wangu. Watu waliowahi kuogopa kufa watanicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, heshima ilinishika hata pale.

Asubuhi haya zikaisha, ukabaki woga. Nikampigia. Alikuwa na mashine ya kupokea simu, ile ya zamani yenye kanda, ambayo ukiongea sauti yako inasikika chumba kizima. Siku ya Sabato aliiacha iwake ili simu isilie mpaka imtie wazimu. Ikalia, ikashika, nikasikia sauti ya Mama, kali, aliyoirekodi zamani wakati mume wake bado yu hai: hatupo, semeni mnachotaka.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Wamenifungia karibu na uwanja wa ndege. Ndege ni kesho asubuhi. Kinshasa."

Kanda ikazunguka. Nilijua yuko pale. Nilijua kiti gani. Ningeweza kusema nyanyua simu, mpigie mwanasheria, niokoe. Maneno yalikuwa mdomoni na hayakutoka. Miaka yote alikuwa amenifundisha kwamba siku hiyo hakuna anayemwamuru mwenziwe, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi.

"Namba ya mwanasheria iko ukutani," nikasema. "Unaijua ilipo."

Kanda ikaendelea kuzunguka. Kadi yangu ilikuwa inakwisha. Taa za kule ndani hazikuzimwa kamwe, zilikuwa zikinichoma macho, na mimi nikasema kitu pekee nilichojua kukisema:

"Mama, humu ndani kuna giza."

Simu ikanyanyuliwa kwa kishindo.

"Usinidokeze!" Alikuwa akipiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele, hata siku ya mwiko. "Usithubutu kunidokeza! Nilikuwa natembea kuja kwenye simu, magoti haya ni ya mzee! Miaka yote hii hujajifunza kitu? Maisha ya mtu yakiwa hatarini hakuna kudokeza, hakuna kuomba ruhusa, hakuna rabi wa kuulizwa. Unapiga yowe! Kwa nini hukupiga jana?"

"Ilikuwa Sabato, Mama."

"Sabato!" alisema, kwa namna ambayo mtu asiyemjua angedhani anaichukia. "Nani aliyekwambia Sabato inataka ufe? Nisomee namba ya hiyo ndege. Polepole."

Nikamsomea. Na nikasikia, karibu na kipokeo cha simu, penseli ikikwaruza karatasi. Simu ilinishtua, lakini penseli ndiyo iliyonitoa machozi. Mwanamke yule, Jumamosi, alikuwa akiandika.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Alimpigia mwanasheria nyumbani kwake Neasden, akamkuta anakaanga bajia za dengu kwa ajili ya hekalu. Mwanasheria akazima jiko, akaja na gari. Watu walikuwa wakitoka sinagogi, barabara nzima imejaa kofia na makoti mazuri, Mama akatoka mlangoni na kofia yake ya Sabato, faili kwapani, mkoba mkononi, akaingia kwenye gari mbele ya macho yao. Mwanasheria alisema alijaribu kuinama asionekane kwa niaba yake. Mama akashusha kioo na kuwatakia majirani Sabato njema, mmoja mmoja.

Walifika mchana. Chumba cha wageni kilikuwa na viti vya plastiki na midoli michafu ya watoto. Nilisaini karatasi za mwanasheria. Kisha akamwekea Mama karatasi yake, maelezo ya mtu anayenifahamu na yuko tayari kunipa malazi. Mama akachukua kalamu. Nilitazama pembeni, kama unavyotazama pembeni mkubwa akivua nguo.

"Tazama huku," akasema. "Hili si jambo la aibu." Na akasaini jina lake lote.

Mwanasheria alipaswa kukimbia ofisini kwake akatume karatasi na kumtafuta jaji wa zamu kwa simu. Akamwambia Mama, twende nikupitishe nyumbani, ni njia moja. Mama akakataa. Alisema kuja ilikuwa kuokoa maisha, na kwa hilo angepanda hata punda wa adui. Lakini maisha yangu sasa yako mikononi mwa jaji, na yeye kurudi nyumbani kwa gari hakumwokoi mtu yeyote. Ni starehe yake tu. Na kwa starehe yake Sabato haivunjwi. Atangoja hapa hapa mpaka nyota zitoke, kisha ataita teksi.

"Kuna baridi, Mama," nikasema.

"Hiyo ni habari, au unanidokeza?"

"Nakuamuru urudi."

"Leo huwezi," akasema, akaninyoosha kola ya sweta.

Mwanasheria alinigeukia na kunong'ona kwa Kiswahili cha baba yake, "Huyu mama kichwa ngumu sana. Kama mama yangu mimi." Akaondoka mbio.

Muda wa wageni ukaisha, wakamtoa. Nilirudishwa ndani. Nje kukaanza kuingia giza na mvua nyepesi. Nilikaa kwenye kitanda nikijaribu kukumbuka zaburi, nikakumbuka tu namna Mama alivyonifundisha kumkausha kuku damu kwa chumvi. Nilikuwa naogopa sana, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa maneno mazuri zaidi.

Mlinzi alikuja na karatasi iliyotumwa kwa faksi. Kijana mnene, mpole, aliyekuwa akila biskuti. Alisoma mwenyewe kwanza, kisha akasema jaji amezuia safari, kesho sitakwenda popote. Nikakaa sakafuni. Kutoka mle kulichukua wiki zaidi, na kupata makaratasi kulichukua miaka, nayo ni habari ya mafaili isiyo na utamu. Lakini jioni ile niliambiwa kwamba sitakwenda, na hilo lilitosha.

Mlinzi hakuondoka. Alisimama akikwangua makombo kwenye tai.

"Kuna bibi mmoja nje," alisema. "Amekaa kwenye kibanda cha basi tangu mchana. Nimemwambia mara mbili nimwitie teksi, anasema anangoja nyota. Nimemwambia hapa ni Heathrow, kuna mawingu, hakuna nyota. Anasema zipo. Nimemkaribisha mapokezi, anasema hataki kumsumbua mtu." Akanitazama. "Ametaja jina lako. Ni nani wako?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Alinitazama usoni, akatazama kule nje, akanitazama tena.

"Usimkaribishe," nikamwambia. "Wala usimwombe aingie. Simama tu mlangoni, useme kwamba humu ndani kuna joto."